Kigari cha mtoto mchanga jijini Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali niliyoulizwa kliniki, kanisani, ofisini kule Mtumba na kwenye foleni ya kutoa pesa, tangu nijifungue wa kwanza tukikaa Ilazo na wa pili tukiwa tumehamia Kisasa. Nimeyapa namba ili nisirudie maneno. Nasema "kigari", madukani utasikia pia "strola", "gari la mtoto" au "kitoroli". Ni kitu kilekile.

## Kabla hujatoa hela

1. Kwani kigari ni lazima? Sisi tulibebwa mgongoni na tumekua.

Si lazima. Kama unakaa Majengo, soko liko hatua chache, dada yupo nyumbani na mbeleko unazo mbili nzuri, hela ya kigari ina kazi nyingine za kufanya. Naanza na hili kwa sababu nimeona vigari vingi vimegeuzwa kapu la nguo chafu kabla mtoto hajaota jino.

Kinaanza kuwa na maana hali inapobadilika. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huambiwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki kadhaa, sasa mtoto, begi la nepi na chupa ya maji vikiwa juu ya mwili mmoja si utani. Mwenye mapacha hana la kujadili. Kuna pia safari za kukaa: foleni ya kliniki, ibada ndefu, kipaimara cha mtoto wa shemeji. Hapo unachohitaji hasa ni mahali safi pa kumlaza mtoto, na magurudumu ni nyongeza tu.

2. Mbeleko haitoshi kwa huyu mchanga?

Inatosha kwa mengi, ila si kwa namna tuliyozoea kuiona. Mgongoni subiri hadi shingo ikaze, kwa wengi ni kwenye mwezi wa tatu au wa nne. Kabla ya hapo mbebe kifuani, wima, umemkaza mwilini mwako, uso wake unauona bila kufunua kitu, na kidevu hakijagusa kifua chake. Kipimo rahisi: ukiinamisha kichwa kidogo, unaweza kumbusu utosini. Kidevu kikizama kifuani, njia ya hewa inajikunja, na mtoto wa wiki tatu hana nguvu ya kujinyanyua wala ya kukupigia kelele.

Wengi wetu tumeishia kutumia vyote viwili, kigari kwenye lami na mbeleko kwenye mchanga.

3. Ninunue lini? Mama mkwe anasema vitu vya mtoto havinunuliwi kabla hajazaliwa.

Mtii, hutapoteza kitu. Siku arobaini za kwanza wengi wetu tuko ndani, na safari ya kwanza ya maana baada ya hapo huwa ni chanjo ya wiki ya 6, ambayo ni siku ya 42. Ni kama wazee na kliniki walikaa kikao. Zitafuata za wiki ya 10 na ya 14. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa mtoto unatosha kabisa kuzunguka madukani, au kumtuma baba mtu azunguke akiwa amebeba majibu ya swali la 19.

Faida nyingine ya kusubiri: utajua kama umejifungua kawaida au kwa kisu, na kama mtoto ni wa kulala au wa kubebwa. Kuna watoto hawataki kulazwa popote.

## Mwili wa mtoto mchanga

4. Kigari chochote si kinafaa? Muuzaji ameniambia kinaanzia siku ya kwanza.

Hapana, na hapa ndipo hela nyingi zinapopotea. Mtoto mchanga lazima alale chali, mgongo ukiwa umenyooka au karibu na kunyooka kabisa, mpaka aweze kukaa mwenyewe bila kuegemea. Kwa wengi hiyo ni kwenye mwezi wa sita. Kichwa chake ni kizito kulinganisha na shingo. Ukimkalisha, kinaanguka mbele na tunarudi kwenye kidevu cha swali la 2.

Vile vigari vyepesi vinavyokunjika kama mwavuli, vyenye kiti cha kitambaa kinachoning'inia, si vya mchanga. Asili yake ni kazi ya Owen Maclaren, mhandisi wa ndege wa Uingereza aliyekibuni mwaka 1965 akitumia akili ya kukunja magurudumu ya ndege. Ni kitu kizuri sana kwa mtoto wa mwaka mmoja. Kwa mtoto wa wiki sita ni kiti cha kumpinda.

Usimsikilize muuzaji, soma kibandiko. Kwenye fremu au chini ya kiti huandikwa umri au uzito. Kikisema miezi 6, ni miezi 6. Kibandiko kikiwa kimebanduka, laza mgongo wa kiti hadi mwisho, kisha weka kiganja pale unapokutana na makalio. Ukikuta bonde au pembe kali, kiache.

5. Kiti kinacholala au kile chenye kitanda chake kabisa?

Kitanda ni bora kwa miezi ya mwanzo: sakafu bapa, kuta pande zote, kivuli kirefu, na mtoto anakutazama wewe badala ya kutazama bodaboda. Ubaya wake ni kwamba ndani ya miezi mitano au sita kimekwisha kazi, na ni kikubwa. Katika nyumba ya vyumba viwili kitakaa juu ya kabati mpaka mtoto wa pili.

Mimi kwa wa kwanza nilinunua cha kitanda. Kwa wa pili nilichukua kile ambacho kiti chenyewe kinalala bapa na kinageuzwa mtoto akutazame wewe au atazame mbele, na sikujuta. Kama hela ni ya kigari kimoja tu, cha namna hiyo ndicho kinachoishi muda mrefu.

6. Na seti ya tatu kwa moja, yenye kiti cha gari?

Ina maana kwa mwenye gari. Kiti cha gari ni cha garini: kinamfunga mtoto akitazama nyuma, na hakiwekwi kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Kikibandikwa juu ya fremu ya kigari kinapendeza, lakini bado ni kiti kilichopinda. Kiwe cha kumtoa garini mpaka mlangoni, si cha kumzungusha sokoni mchana kutwa. Mwongozo unaotajwa sana ni kutozidisha saa mbili, na kwa mchanga kabisa hata hizo ni nyingi.

Kama usafiri wako ni bajaji na daladala, sehemu ya bei ya seti hiyo unalipia kitu kitakachokaa stoo.

7. Anaweza kulala humo usiku?

Kwenye kitanda cha kigari, kama maelekezo ya kiwandani yanaruhusu usiku na godoro ni gumu na bapa, sawa. Kwenye kiti, hapana. Akisinzia mkiwa matembezini hakuna neno, mradi amelala bapa na unamwona. Mkifika nyumbani, mhamishie kitandani kwake.

8. Nimwekee mto na vile vigodoro vya manyoya?

Usiweke. Mto, vigodoro vilaini na midoli vinaweza kumziba pua. Shuka moja ya pamba iliyobana chini yake inatosha. Baridi ya asubuhi za Juni na Julai mvalishe mwilini, soksi na kofia, badala ya kumlundikia mablanketi. Kofia uitoe jua likitoka.

9. Mtoto mwenyewe hata hageuki. Mkanda wa nini?

Mkanda ni wa siku gurudumu litakapoingia shimoni. Tafuta wenye ncha tano: mabega mawili, nyonga mbili, na ule wa katikati ya miguu. Wenye kiunoni tu humwacha mtoto akateleza chini. Kwenye kitanda cha kigari mara nyingi hakuna mkanda, na ndiyo maana kitanda hakishushwi ngazi mtoto akiwa ndani.

## Njia zetu

10. Tairi za upepo au za plastiki?

Swali hili ningeliweka la kwanza kama watu wangenisikiliza. Kigari hujaribiwa dukani juu ya vigae, na juu ya vigae kila kigari ni kizuri. Wewe fikiria njia ya kutoka mlangoni kwako mpaka kwenye lami. Kwangu Kisasa ni mita kama mia tatu: mchanga, kisha kokoto alizomwaga jirani anayejenga, kisha korongo dogo la maji ya mvua, kisha pevingi. Lami yenyewe ni sehemu fupi ya safari.

Vigurudumu vidogo vya plastiki ngumu, vile vyenye upana wa kiganja, kwenye mchanga vinazama na kwenye kokoto vinatetemesha mtoto mpaka unamwonea huruma. Utajikuta unavuta kigari kinyumenyume kama mkokoteni. Ukiwa mtu wa mjini kati, Nyerere Square na barabara zile za namba, vitakutosha. Ukikaa Nkuhungu, Chang'ombe, Iyumbu au popote viwanja vipya vilipopimwa juzi, hapana.

Tairi za upepo ni raha tupu kwa mtoto, zinameza mashimo. Lakini Dodoma tuna mbigili. Aliyewahi kumiliki baiskeli hapa anaijua: kile kijani kinachotambaa chini baada ya mvua, kina maua madogo ya njano, kikikauka kinaacha miiba ya pembe inayosubiri tairi lako mpaka Novemba. Miba ya migunga nayo haiko mbali. Mwaka wa kwanza niliziba pancha nyingi mpaka fundi baiskeli akaacha kunisalimia, ananyoosha tu mkono apokee gurudumu.

Kuna ya kati: tairi za povu gumu, pana, zisizo na tyubu. Hazijazwi upepo kwa hiyo hazipati pancha, na kwenye kokoto ni laini kuliko plastiki. Kwa mazingira yetu hizo ndizo ninazopendekeza, zikiwa na springi kwenye magurudumu ya nyuma. Ukubwa pia una maana: la nyuma lisipungue upana wa sahani ya kulia wali.

Ukiamua upepo, angalia mambo mawili. Kwanza saizi: tyubu ya inchi 12 ni ya baiskeli ndogo za watoto na fundi yeyote anayo, saizi za ajabu utaagiza mbali. Pili, usimwachie kijana wa kituo cha mafuta ajaze kama anavyojaza Noah. Rimu ya plastiki inapasuka. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kuna gundi ya maji inayotiwa ndani ya tyubu kujiziba yenyewe ikitobolewa, ilinisaidia sana.

11. Magurudumu matatu au manne?

Matatu makubwa yanapita vizuri mchangani, manne yametulia zaidi kwenye kona na ukingo wa barabara. Usikose usingizi kwa hili. Lililo la maana ni kwamba gurudumu la mbele linalozunguka liwe na kitufe cha kulifunga lielekee mbele tu, maana mchangani gurudumu linalozungukazunguka hujichimbia.

12. Naishi ghorofani na hakuna lifti.

Basi uzito kwanza, mengine baadaye. Vigari vya kitanda hufika kilo 10 hadi 15 bila mtoto. Muulize mlinzi au jirani wa chini kama kinaweza kulala kwake, fremu tu, wewe ukapanda na mtoto. Usipandishe ngazi kigari chenye mtoto ndani peke yako. Mkiwa wawili, kishikwe kwenye fremu, si kwenye ule upau wa mbele wa mtoto, kwa sababu ule huchomoka.

13. Kinaingia kwenye bajaji? Daladala? Treni?

Bajaji: mtoto mikononi, kigari kikunjwe. Nyuma ya kiti cha abiria pana kinafasi. Vigari vinavyokunjika vidogo hukaa hapo, vikubwa hukaa miguuni na kukunyima raha. Pima kabla ya kununua: dereva bajaji yeyote anayesubiri nje ya duka atakuruhusu ujaribu, ukimwahidi kwamba safari ya kurudi ni yake.

Daladala saa za kwenda na kurudi kazini, sahau. Konda atakutoza nauli ya mzigo na abiria watakuangalia kana kwamba umepanda na kabati. Mchana ni sawa. Bodaboda hata usiniulize.

Treni ya umeme iliyoanza kuja Dodoma mwaka 2024 imewarahisishia wengi safari ya Dar es Salaam na mtoto mchanga, kwani inachukua kati ya saa tatu na nne badala ya kilomita 450 za basi. Kigari kikunje ukifika mlangoni, kisibaki wazi kwenye njia ya katikati. Kwa safari ya hivyo, kigari kidogo kinachokunjwa kwa mkono mmoja kinakishinda kizuri. Mkono wa pili una mtoto.

14. Njia haina sehemu ya watembea kwa miguu. Nipite wapi?

Upande wa kulia, ukitazama magari yanayokuja. Unapotaka kuvuka, usitangulize kigari barabarani ili uchungulie. Wewe simama mbele au ubavuni mwake, uangalie, ndipo ukisukume. Kigari kinakutangulia kwa karibu mita nzima, na dereva wa bodaboda hakioni anapopita pembeni ya lori. Ukiwa unachagua kati ya viwili, chukua chenye kitanda kilicho juu zaidi. Moshi na vumbi viko chini.

## Jua, vumbi, mvua na mbu

15. Nikifunika kigari chote kwa khanga si ndiyo kivuli kizuri?

Hapana, tafadhali. Najua inaonekana ni upendo, na mtaani utapata sifa. Khanga iliyofunika uwazi wote wa kigari inazuia hewa kupita, na joto la ndani linapanda haraka kuliko la nje. Hata kitambaa chepesi hufanya hivyo. Mtoto mchanga hajui kujipoza vizuri, na wewe humwoni. Oktoba na Novemba hapa mchana hufika nyuzi 30 na zaidi. Fanya hesabu.

Fanya hivi: nunua chenye paa refu linaloshuka mpaka karibu na magoti ya mtoto, lenye dirisha la wavu kwa nyuma. Pale jua linapopenya, bana kipande cha kitenge upande mmoja tu, pande nyingine zibaki wazi. Mguse shingo kwa nyuma kila baada ya dakika chache: ikiwa ya moto au ina jasho, mtoe na umvue nguo moja. Mikono na miguu haikupi jibu, huwa ya baridi hata akiwa na joto.

Dawa kubwa zaidi ni saa. Kutoka saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, mtoto wa chini ya miezi sita hana shughuli juani. Jioni ya Dodoma ndiyo nzuri, upepo unapoanza kupoa.

Rangi ya kitambaa? Nyeusi inapika. Nyeupe utaifua kila siku. Kijivu.

16. Vumbi letu je?

Vumbi halitaisha, kigari ndicho kitakachoisha. Kuanzia Juni upepo unapuliza mpaka mvua za Desemba. Chagua kitambaa kinachovuliwa chote na kufuliwa. Kama kimeshonwa kwenye fremu, baada ya miezi mitatu kitakuwa na rangi ya ardhi ya Dodoma Makulu.

Kosa la kawaida ni kupaka grisi kwenye magurudumu. Grisi na vumbi vikichanganyika vinakuwa msasa, vinakula ekseli. Futa kwa brashi kavu, toa nywele na nyuzi zilizojizungusha, kisha tia mafuta mepesi ya silikoni, kidogo. Angalia breki kila wiki. Mchanga ukiingia kwenye meno yake, breki inalia "tak" kana kwamba imeshika, kumbe haijashika. Kwa nini nalijua hili, soma swali la 23.

Siku ya kimbunga cha vumbi, ingia duka lolote lililo karibu, mshike mtoto kifuani, ugeuzie upepo mgongo. Hakuna paa la kigari linalozuia kile.

17. Nailoni ya mvua ni ya lazima?

Mvua zetu ni za Desemba mpaka Aprili, na zikija huja kwa fujo kisha zinakatika. Kuwa nayo, ila iwe na matundu ya hewa, na uitoe dakika mvua inapokatika. Jua la baada ya mvua juu ya nailoni ni yale ya swali la 15 mara mbili. Na korongo lililojaa maji usilivuke na kigari hata kama unalijua kwa jina.

18. Mbu?

Neti ya kigari ya tundu ndogo, yenye lastiki inayoshika pande zote, kuanzia jioni. Tofauti na khanga, neti inapitisha hewa. Ikichanika, fundi cherehani anashona mpya kwa kipande cha chandarua.

## Dukani

19. Nikifika dukani nijaribu nini?

Nenda na mfuko wa unga wa kilo 5, hata muuzaji akikucheka. Uweke ndani, sukuma kwa mkono mmoja. Toka nje ya duka, kwenye udongo, ukipandishe kwenye ukingo wa baraza na ukishushe. Kikunje na ukikunjue mara tatu bila msaada, kwa sababu siku ya kweli hakuna atakayekusaidia. Funga breki, kisukume kwa nguvu. Tikisa mpini: ukicheza kama jino bovu, rudisha. Mwisho funga na ufungue mkanda. Uwe mgumu kwa kidole cha mtoto lakini si kwa chako. Mpini ufike kiunoni mwako, na kama baba ni mrefu, uwe wa kurefushwa.

Pima pia upana. Kina maana gani kigari kisichopita mlango wako?

20. Mpya au mtumba? (Mtumba wa vitu vilivyotumika, si Mtumba ya Mji wa Serikali.)

Mtumba mzuri wa Ulaya unaweza kuushinda mpya wa bei rahisi. Tafuta kibandiko chenye EN 1888, ambacho ni kiwango cha Ulaya cha vigari vya watoto. Kisha kichunguze kama unavyochunguza pikipiki ya mtu: fremu isiwe na ufa wala alama ya kuchomelewa, kufuli ya kukunjia ilie na kushika yenyewe, mikanda yote mitano iwepo, kitambaa cha kulalia kisiwe na bonde.

Angalia sana bawaba. Mwaka 2009 vigari karibu milioni moja vya Maclaren viliitwa virekebishwe nchini Marekani kwa sababu bawaba zake zilikuwa zikikata vidole vya watoto wakati wa kukunjua. Vya zamani vya kampuni yoyote vinaweza kuwa na mwanya huohuo, na mitumba haiji na barua ya onyo. Watoto wote wakae mbali unapokunja na kukunjua.

Kiti cha gari cha mtumba ni habari nyingine: hujui kama kimewahi kupata ajali, na nyufa zake hazionekani. Hicho usinunue.

21. Hapa Dodoma au niagize Dar?

Dar kuna aina nyingi zaidi, na bei ya kwanza huwa chini. Ongeza usafirishaji wa basi mpaka stendi ya Nanenane, ongeza bajaji kutoka pale, ongeza uwezekano kwamba rangi si ile na gurudumu moja halikuja. Ndugu yako wa Dar akifanye jaribio la unga, akupigie video. Picha za mtandaoni zote zimepigwa juu ya vigae.

Ukinunua hapa mjini unalipa zaidi kidogo, lakini ukirudi kesho na kufuli bovu, muuzaji yupo na sura yake unaijua.

## Mengine

22. Mapacha?

Cha bega kwa bega kinasukumika vizuri, na mara nyingi wote wawili wanalala bapa, ila kinakwama milangoni. Cha mbele na nyuma kinapita popote, lakini mara nyingi kiti kimoja tu ndicho kinacholala kabisa, na wachanga ni wawili. Soma kibandiko cha kila kiti peke yake. Mama mmoja jirani yangu alimaliza mjadala kwa kuchukua kigari cha mmoja na mbeleko, akawa anabadilishana. Anayelia anapanda kifuani.

23. Naning'iniza mfuko wa sokoni kwenye mpini, kuna ubaya?

Mtoto mchanga ni kilo tatu au nne. Viazi, vitunguu na zabibu za msimu ni kilo sita. Kigari kinabinuka nyuma. Mzigo uende kwenye kikapu cha chini.

Mimi nilibinusha. Nilikuwa nimesimama kwenye mteremko mdogo nje ya duka, nimefunga breki (nilidhani), mfuko wa mboga kwenye mpini. Nikageuka kulipa. Breki yenye mchanga ikaachia, kigari kikatembea hatua nne na kubinuka ukingoni mwa mtaro. Mtoto alikuwa amefungwa mkanda, alilia kwa sababu ya kelele zangu. Tangu siku hiyo kigari nakisimamisha ubavu kwa mteremko, kamwe si kukitazamisha chini, na nina kamba ya mpini inayofungwa mkononi.

24. Mtoto njiti naye?

Hesabu miezi kwa tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, si aliyozaliwa. Bapa kabisa, kitanda ni bora kuliko kiti, na kabla ya safari yoyote ndefu muulize daktari aliyewaruhusu hospitali. Wengi wa hawa watoto wanahitaji kifua chako zaidi ya kitu chochote chenye magurudumu.

25. Wa miaka miwili anataka kupanda pamoja na mdogo wake.

Hapana kwenye kiti kimoja na mchanga, hata kwa dakika moja ya kupiga picha. Kuna kibao chenye magurudumu kinachofungwa nyuma ya baadhi ya vigari, mkubwa akasimama juu yake. Kwenye pevingi kinafanya kazi, kwenye mchanga mkubwa atatembea.

26. Watu wananicheka mtaani, wanasema nimeona uzungu.

Walinicheka miezi miwili. Mwezi wa tatu mwenye kucheka zaidi alikuja kukiazima kwenda kliniki. Nilimpa, na nikamwonyesha kufuli ya kukunjia na breki kabla hajatoka getini.

27. Mtoto akishaanza kutembea nikifanye nini?

Kifue, kipe fundi aangalie magurudumu, ukiuze kabla kitambaa hakijapauka. Bandika upya kibandiko cha umri kama kimelegea, na umweleze mnunuzi kila kilichowahi kuharibika. Changu cha kwanza kiko Miyuji sasa, na tairi la nyuma kushoto bado linavuja upepo taratibu, nilimwambia.